Pale Palipokuwa na Uzio

Kanisani kwetu mtu mmoja tu anaweza kuwanyima wote mkate. Wala si lazima awe askofu au shemasi. Hata yule bibi kiziwi anayekaa karibu na jiko akasinzia tangu wimbo wa kwanza, naye anaweza. Wiki mbili kabla ya Meza ya Bwana tunakaa Jumapili nzima ya mashauri, na kila aliyebatizwa anaulizwa: una amani na Mungu, na kanisa, na mwenzako? Akisema ninayo, tunaendelea. Akisema sina, meza haitandikwi mpaka ugomvi wake uishe, hata kama ni ugomvi wa kuku. Na usicheke, maana tumeshawahi kupitisha majira mazima bila mkate kwa sababu ya kuku.

Basi Saloma, mke wa Yost Gingerich, alichagua wakati wa kukamua maziwa kumwambia mumewe maneno yake.

"Jumapili ya mashauri nikiulizwa, nitasema sina."

Yost alikuwa ameegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe. Hakukiinua. "Huna nini?"

"Usijifanye hujui, bwana wee. Sina amani na wewe. Watakuja hapa kuniuliza kwa nini, nami nitawajibu: mume wangu amemzika mtoto wangu na hataki kuniambia amemzika wapi."

"Saloma, hebu..."

"Ulisema theluji ikiyeyuka utanipeleka. Haya, nionyeshe theluji iko wapi."

Akabeba ndoo yake akatoka, mlango wa banda akaubamiza. Yost alibaki akivuta chuchu iliyokwisha maziwa kitambo, mpaka ng'ombe akamtandika teke la kumzindua.

Nikwambie mapema, usije ukamwona Yost katili: hakumwambia mkewe mahali kwa sababu mahali penyewe hapajui. Mtu hasahau alipomlaza mwanawe, utasema. Hata mimi ningesema hivyohivyo, tena kwa sauti.

Ilikuwa mimba yao ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka changa, hakukuwa na cha kushika wala cha kuzika, ni damu na kulia tu na kesho yake kufua mashuka. Hii ya tatu ilikaa. Ilikaa kiangazi chote, mpaka majani yakaanza kupukutika Saloma alikuwa ameshasogeza pini zinazofunga gauni lake mara kadhaa, maana magauni yetu hayana vifungo. Hakumwambia mtu. Mficha uchi hazai, husemwa, lakini sisi tunaficha na tunazaa kumi kumi. Mimba kwetu haitajwi mdomoni, hata baba yake mwanamke haambiwi. Wanawake huona pini zimesogea, wakanyamaza, na mmoja wao akaanza kufuma soksi ndogo akidai ni za jirani.

Siku yenyewe mkunga alifika na gari la dereva wake, mtu wa nje ya kanisa letu anayetuendesha kwa malipo, maana sisi hatumiliki magari, lakini kufika kwake hakukubadilisha kitu. Alitoka mtoto wa kike. Hakulia. Alikuwa na kucha, Yost aliziona, kila kidole na ukucha wake. Saloma alimshika kifuani kwa muda, kisha damu ikaanza kumtoka vibaya na macho yakamgeuka, na mkunga akapiga kelele kwamba mama huyu anakwenda hospitali sasa hivi, siyo kesho. Wakambeba mpaka garini. Kiti cha nyuma kilikuwa chake yeye na mkunga tu.

"Wewe mzike mtoto," mkunga akamwambia Yost kupitia dirishani. "Dereva atakurudia akishatufikisha."

Hapo ndipo aliposimama uani peke yake na kitu kilichofungwa ndani ya shali ya mkewe. Kumpeleka makaburini kungemlazimu kumwita mchimba kaburi, na mchimba kaburi angemwambia askofu, na kabla ya giza bonde zima lingekuwa jikoni kwake na sufuria za tambi. Angeliweza kumpelekea habari baba mkwe, lakini angeanzaje? Baba, binti yako alikuwa na mimba ambayo hatukukwambia, na sasa hanayo? Ulimi wake haukuwahi kufunzwa maneno hayo. Akamlaza mtoto katika sanduku la mbao lililokuja na jibini, akachukua sepetu, akaenda shamba la malisho.

Alifikiri vizuri, maskini. Alisema moyoni, nikimzika katikati, siku moja plau itapita. Akachagua chini ya uzio wa waya unaokata shamba lile mapande mawili, mahali plau haifiki, farasi hawafiki, mtu hana la kufanya. Ardhi ilikuwa kavu, imejaa mizizi. Akachimba mpaka gotini, au alidhani ni gotini. Akamlaza, akamfukia, akaomba, akaweka juu jiwe bapa. Honi ya dereva ikalia barabarani. Akakimbia.

Alikaa hospitalini pamoja na Saloma siku nyingi kuliko alivyotarajia, maana mkewe aliongezewa damu, na baada ya damu ikaja homa. Huku nyumbani nani angekamua? Usiulize swali la kitoto. Kwetu mtu akiugua, jirani hamuulizi, anakuja. Ng'ombe walikamuliwa, kuku walilishwa, kuni zilipasuliwa. Na baba yake Saloma, mzee Emanuel Schlabach, hakuona hayo yanatosha. Huyo mzee akisikia mtu ana kidonda, yeye hulima shamba lake. Alipita nyumba hadi nyumba, akakusanya wanaume na farasi wao.

Yost alirudi kuangalia nyumba, akawakuta wanakunywa kahawa uani, mikanda ya mabegani imelowa jasho, wanacheka. Shamba la malisho nyuma yao lilikuwa jeusi lote, limesawazishwa, limeshapandwa ngano.

"Tumekupunguzia mzigo, mkwe," akasema mzee Emanuel.

Yost alitazama. Alitafuta kitu cha kushikia macho. "Uzio," akasema. "Uzio uko wapi?"

"Tumeung'oa! Si wewe mwenyewe uliyesema kiangazi, uzio ule unaniuma kama jino bovu? Tumekung'olea jino, na daktari hadai kitu." Wote wakacheka.

"Na mawe?"

"Mawe yote kule, kwenye rundo. Ama ulitaka tukupandie mawe, mwanangu?"

Vicheko tena. Mmoja akamtilia kahawa. Yost akakipokea kikombe, akasema asanteni sana, Mungu awalipe. Angesema nini? Niambie wewe ungesema nini mbele ya watu waliokuja na farasi wao kukusaidia bila kuitwa.

Alfajiri ya kesho yake alikwenda na sepetu. Alijua ni mahali fulani katika mstari wa uzio ule, lakini mstari haukuwepo tena, na shamba lile ni pana, na siku ile aliyomzika hakuwa akitazama kitu, alikuwa akilia. Alichimba hapa, akachimba pale. Alipata kiatu cha farasi kilichooza kwa kutu. Kila sepetu ilipozama aliisikiliza, na baada ya muda akagundua kwamba anaogopa kupata kuliko kukosa. Kwa sababu hakujua plau ilizama kiasi gani. Akafukia mashimo yake, akaenda kukamua.

Ndiyo hayo. Saloma aliporudi nyumbani, mweupe, hana nguvu hata ya kufunga kofia yake, neno la kwanza lilikuwa, "Umemweka wapi?" Akajibu, mahali pazuri. Akauliza wapi pazuri. Akajibu, upone kwanza. Kisha theluji ikaja, naye akajificha nyuma ya theluji kama mtu anavyojificha nyuma ya mlango. Majira yote ya baridi Saloma alimgeuzia mgongo kitandani, na mezani alimsogezea chakula bila kumtazama. Mwanamke aliyekuwa akimtania kuhusu masikio yake tangu enzi za uchumba ("wewe ukikimbia upepo unakurudisha nyuma") sasa hakumtania hata kwa bahati mbaya.

Angemwambia tu, utasema. Sikia basi. Swali la kwanza la Saloma lingekuwa: nani alilima? Na aliyeshika plau ya mbele alikuwa baba yake. Mama yake Saloma alifariki Saloma akiwa msichana mdogo, na ni mzee yule yule aliyemsuka nywele, vibaya, kila asubuhi mpaka akakua. Saloma alimpenda baba yake kuliko kitu chochote kinachopumua. Yost alipima, akaona bora achukiwe yeye. Yeye ana mgongo mpana.

Sasa theluji imekwisha, na Jumapili inakuja.

Siku za katikati ya wiki mzee Emanuel alipitia kwao, akamkuta Yost anatengeneza hatamu. Hakuketi. Alisimama mlangoni mwa banda akitazama ngano, mikono nyuma, ameridhika na nafsi yake.

"Umeona ilivyoshika? Bonde zima hakuna kama hiyo. Na wewe ulivyo mvivu, ingekuwa bado malisho."

"Ni kweli, baba."

"Shukrani ya punda ni mateke, lakini wewe hata teke hunipi." Akacheka mwenyewe.

Yost akaiweka hatamu chini. "Baba, siku ile mlipong'oa uzio. Hamkuona kitu?"

"Kitu gani?"

"Chochote. Kwenye udongo."

"Tuliona panya, na chupa ya watu wa nje. Kwa nini, umepoteza kitu?" Uso wa mzee ukabadilika, kicheko kikamwondoka. "Kama tumekuharibia kitu, sema, mwanangu. Nisije nikawa nimekusaidia kwa kukudhuru. Nitakulipa, nitarudisha, sema tu."

Yost alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, nyuma ya meno. Akamwangalia yule mzee, ndevu nyeupe, macho yamejaa wasiwasi wa kweli, akaona hana moyo huo.

"Hapana, baba. Hakuna kitu."

Mzee alishusha pumzi. Kisha akasema polepole, akitazama kofia yake, kwa sababu mambo hayo kwetu hayasemwi, "Saloma siku hizi haji kwangu. Najua ugonjwa ulikuwa ugonjwa gani. Sikuambiwa, lakini sikuzaliwa jana. Mama yake naye alipoteza wawili kabla ya huyu. Niliwazika nyuma ya banda. Akawa anakwenda kukaa nao na ushonaji wake. Watu walisema nimkataze, mimi nikamwacha. Mwanamke akijua mahali, Yost, anatulia."

"Ndiyo, baba."

"Basi mwonyeshe mahali."

Alipoondoka, Yost alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Na hapo ndipo wazo lile baya lilipomwingia, tena likaingia taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Mahali hapapo. Lakini jiwe lipo. Mawe yako rundo zima.

Jumamosi mchana, kabla ya Jumapili yenyewe, akachagua jiwe bapa, akalibeba mpaka pembeni mwa shamba, karibu na mti wa tufaha ambapo mistari ya ngano inaishia. Akalikandamiza ardhini, akalizungushia majani makavu ili lionekane la zamani. Akaenda jikoni.

"Njoo," akamwambia Saloma.

Saloma alikuwa na unga mikononi. Hakuuliza ni wapi. Alifuta mikono, akavua aproni iliyochafuka, akavaa safi, akafunga kofia yake ya sala vizuri, pini kwa pini, kama mtu anayekwenda kutambulishwa kwa mgeni. Yost alimngoja mlangoni, anatamani paa limwangukie.

Walipofika, Saloma alilitazama jiwe. Akapiga magoti.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Kichwa kimeelekea wapi?"

Hakuwa amefikiria swali hilo. "Mashariki."

"Ulimwombea?"

"Nilimwombea." Hilo lilikuwa kweli.

Saloma akaweka kiganja juu ya jiwe. Akakaa hivyo. Kisha akaanza kuongea, sauti ndogo, ya kawaida kabisa, sauti ya mwanamke anayemwambia mtoto avae viatu. "Lena," akasema. "Lena, ni mama. Nilikuita Lena, baba yako hajui, usimwambie. Nilichelewa kuja. Palikuwa na theluji."

Yost alisimama nyuma yake na kofia mkononi. Hakuwahi kujua kwamba mtoto ana jina.

Saloma akageuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka na alikuwa akitabasamu. Akamnyooshea mkono, na alipomshika akauvuta ule mkono mpaka shavuni kwake. Tangu vuli hakuwa amemgusa.

"Nisamehe, Yost. Nilikufikiria mabaya. Nilidhani labda hukumzika. Nilidhani ulimtupa."

Jamani. Mtu anaweza kubeba chuki ya mkewe majira mazima ya baridi na mgongo usivunjike. Msamaha wa dakika moja hakuuweza.

"Saloma," akasema. "Si hapa."

"Nini si hapa?"

"Yeye. Hayupo hapa. Jiwe nimeliweka leo."

Saloma akauondoa mkono wa Yost shavuni taratibu. "Yuko wapi?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Mtu gani asiyejua?"

Akamwambia. Sanduku la jibini, shali, uzio, honi ya gari. Akamwambia alivyorudi kutoka hospitali akakuta shamba jeusi. Akamwambia kuhusu sepetu. Alipofika hapo Saloma alikuwa ameshainuka, na mkononi mwake lilikuwepo bonge la udongo. Alimrushia. Lilimpata begani. Akachukua jingine, akarusha, na jingine. Sisi ni watu tusiopiga; hata mbwa hatupigi; Saloma hakuwahi maishani mwake kumwinulia mtu mkono. Alirusha mpaka aproni yake safi ikawa nyeusi. Yost hakujikinga. Moja lilimpata usoni, akatema udongo, akaendelea kusimama.

"Nani?" Saloma alikuwa anahema. "Nani alilima?"

"Wote tu. Majirani."

"Nani alikuwa mbele?"

Yost akapangusa udongo machoni.

"Yost, nakuuliza. Nani alikuwa na plau ya mbele?"

Hakuhitaji kujibiwa. Mzee Emanuel alikuwa amesimulia ulimaji ule majira yote ya baridi, kila penye kahawa, jinsi farasi wake walivyowaacha farasi wa vijana. Saloma mwenyewe alimsikia, akacheka. Bonge la mwisho likamdondoka mkononi. Akaketi chini kwenye ngano, ghafla, kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Anajua?"

"Hajui."

"Ulitaka kumwambia?"

"Wiki hii alisimama mbele yangu akaniuliza kama ameharibu kitu. Nikasema hapana."

"Kwa hiyo baridi yote hii nakugeuzia mgongo, na wewe umenyamaza."

"Ndiyo."

"Mjinga wee," akasema. Hapakuwa na hasira ndani yake, wala upole. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa.

Wakakaa pale. Upepo ulikuwa unapita juu ya ngano, na ngano ilikuwa nzuri, hilo halikuweza kukanwa. Saloma alikuwa akiitazama mstari kwa mstari, huku na kule, na Yost alijua anafanya kile alichofanya yeye vuli nzima, anachagua mahali na kupakataa.

"Kesho nitawaambia nini?" Saloma akauliza.

"Sijui."

"Nikisema sina amani, watauliza na nani. Nikisema nawe, watauliza kwa nini. Jumatatu baba atajua."

"Sema lolote. Mimi nitakubali lolote."

"Lolote lipi, Yost? Lipo lolote?"

Halikuwepo. Yost akapiga magoti kando yake. "Tuombe."

"Omba wewe. Mimi leo sina la kumwambia."

Akaanza Sala ya Bwana, kwa sababu maneno yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha. Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako uje. Akafika kwenye mapenzi yako yatimizwe, akakwama. Akajaribu tena kutoka mwanzo, akakwama palepale. Sala ambayo aliijua kabla ya kujua kufunga viatu.

"Malizia," Saloma akanong'ona.

"Siwezi. Malizia wewe."

Midomo ya Saloma ilitikisika, lakini hakuna kilichotoka. Wakaiacha pale ilipofika, wakarudi nyumbani kukamua.

Jumapili tulikutana nyumbani kwa akina Hostetler, wanaume chumba kikubwa, wanawake chumba cha jikoni, mlango kati yao wazi. Mahubiri yalikwenda toka Nuhu mpaka adhuhuri. Kisha askofu akasema yale anayosema kila mara, kwamba mkate mmoja hutokana na punje nyingi zilizokubali kusagwa, na punje ikikataa kusagwa haina sehemu katika mkate. Yost alitazama magoti yake. Maneno hayo ameyasikia tangu utotoni na hayakuwahi kumkereketa koo kama siku hiyo.

Shemasi Sem akaanza kwa wanaume, mhubiri mzee akaenda kwa wanawake. Sauti zikawa zinasikika huku na kule, ninayo, ninayo, ninayo. Mzee Emanuel alikuwa benchi la mbele, na alipoulizwa alijibu kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa, "Ninayo, kwa neema," akageuza shingo kupitia mlango wazi kumtafuta binti yake kwa macho, na alipompata akamtikisia kichwa kwa furaha, kama baba anayemtia moyo mtoto siku ya kwanza ya shule.

Yost alimsikia mhubiri. "Dada Saloma, una amani na Mungu, na kanisa, na jirani yako?"

Benchi likalia mahali fulani. Wanaume wawili watatu waligeuka. Mzee Emanuel bado alikuwa anamtazama binti yake, bado anatabasamu, ila tabasamu limeanza kungoja.

"Ninayo," Saloma akasema.

Yost alikuwa akimjua mwanamke huyo tangu wakiwa shule. Alimjua akikataa kusema pai ni tamu kama si tamu, hata mbele ya mpishi. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza, na aliusema ndani ya kanisa. Ni yeye Yost aliyemfikisha hapo.

"Ndugu Yost." Shemasi alikuwa amesimama mbele yake. "Una amani?"

"Hapana," Yost akasema.

Halikuwa neno alilolipanga. Lilitoka tu, dogo, na shemasi Sem, ambaye ni mtu mwema na miguu ilikuwa inamuuma, akainama karibu.

"Una ugomvi na nani, ndugu?"

Yost akafikiria. Na Emanuel? La. Na mkewe? La. Na wale majirani na farasi wao? Akajaribu kumfikiria Mungu, akamwona Mungu naye kama mmoja wa wale waliokuwa uani wakinywa kahawa, aliyekuja kusaidia.

"Na mtu yeyote, sina," akasema.

"Kuna aliyekukosea?"

"Hakuna."

"Kuna uliyemkosea ambaye hamjapatana?"

Akamwona Saloma kupitia mlango, kichwa kimeinama, kofia nyeupe tu. "Hakuna."

Shemasi akanyoosha mgongo. Kisha akampiga bega kwa upole. "Basi unayo, ndugu Yost. Kama huna neno na mtu, hiyo ndiyo amani yenyewe." Akasogea kwa mtu wa pili.

Meza ikapangwa wiki mbili mbele. Watu wakafurahi, wakala mkate na siagi ya karanga na kachumbari ya kabichi, wakafunga farasi wao kwenye vigari.

Njiani, walipofika kwenye ngano yao, Saloma aligeukia shamba. "Simamisha," akasema. Yost akavuta hatamu. Walikaa juu ya kigari, bega kwa bega, wakilitazama shamba lote, na Saloma akaanza kulia, kilio cha sauti, cha mdomo wazi, kile ambacho hakukilia hata siku ile yenyewe. Yost akamzungushia mkono, na safari hii Saloma hakuutoa.

Kigari kilichokuwa nyuma yao nacho kikasimama. Wakasikia mtu anashuka, kiatu kizito kwenye kokoto.

"Kuna nini huko mbele?" Alikuwa mzee Emanuel. Akaja upesi upesi, kofia mkononi, akamwona binti yake, akaganda. "Saloma? Mwanangu, una nini? Nikusaidie nini?"

Saloma alijaribu kujibu. Alitikisa kichwa, akatikisa tena, akaficha uso kifuani kwa Yost.

"Si kitu, baba," Yost akasema. "Tuache kidogo tu. Tafadhali."

Lakini mzee yule hajui kumwacha mtu. Alisimama akiwatazama, mikono imemning'inia, haina kazi, na ilionekana wazi kwamba hali hiyo inamtesa. Mwishowe akazunguka kwenda mbele ya farasi. Akainua mguu mmoja, akautazama ukwato, akauteremsha. Akainua wa pili. Akainama juu ya kila ukwato kwa makini, akitafuta jiwe lililokwama.